Simba Aliyelala Njiani: Makoloni Sita Yalivyogeuka Nchi Moja

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa safarini, na leo nitaanzia hukohuko safarini kabla sijawapeleka mbali kidogo, hadi Australia ya zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Tulikuwa kwenye basi, tunavuka mpaka mmoja wa hizi nchi zetu za Afrika Mashariki. Sitautaja, maana mambo haya hutokea kwenye mipaka mingi. Kiti cha pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, mchangamfu, ambaye tangu tulipoanza safari alikuwa akinigawia karanga na hadithi za wajukuu zake. Tulipofika mpakani akatakiwa afungue begi. Ndani mlikuwa na vitenge. Ofisa akauliza ni vya nini, mama akajibu ni zawadi za harusi ya binti wa dada yake. Ofisa akahesabu, akasema zawadi gani hizi doti kumi na mbili, hii ni biashara, lipia ushuru. Mabishano yakachukua karibu saa nzima, dereva anapiga honi, abiria wananung'unika. Mwishowe mama akalipa. Aliporudi kitini hakuwa tena na hadithi. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, wewe umesoma, hebu niambie. Si walisema tumeungana?"

Nikamjibu, "Mama, bado wanaendelea kuungana." Akacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Swali lile halikunitoka. Niliporudi nikaanza kusoma habari za wenzetu walioanza wakiwa makoloni mbalimbali wakaishia kuwa majimbo ya nchi moja. Habari za Marekani wengi tunazijua. Walionivutia zaidi ni Waaustralia, kwa sababu wao hawakupigana vita vya uhuru, hawakutawaliwa kwa bunduki na jirani aliyewalazimisha kuungana, na kila koloni lilikuwa na sababu nzuri kabisa ya kubaki kivyake. Hata hivyo waliungana. Nilitaka kujua ilikuwaje.

SITA, KILA MOJA NA LAKE

Ukiangalia ramani leo unaiona Australia ni nchi moja iliyojaza bara zima, na ni rahisi kudhani ilikuwa hivyo tangu zamani. Wapi! Katika karne ya 19 Mwingereza alikuwa na makoloni sita pale: New South Wales, lililoanza mwaka 1788 kama kambi ya wafungwa, Tasmania, Western Australia, South Australia, Victoria na Queensland. Victoria ilimegwa kutoka New South Wales mwaka 1851, Queensland nayo ikamegwa mwaka 1859. Kila koloni lilikuwa na gavana wake, bunge lake, stempu zake za posta, kikosi chake kidogo cha ulinzi na, kubwa kuliko yote, ushuru wake wa forodha.

Hapo ndipo mama yangu wa vitenge angejisikia yuko nyumbani. Kati ya New South Wales na Victoria unapita mto Murray. Victoria ilitoza ushuru mkubwa bidhaa za nje ili kulinda viwanda vyake, na "nje" maana yake ilikuwa hata ng'ambo ya mto. New South Wales iliamini biashara huria. Basi kando ya mto pakawa na vituo vya forodha. Mkulima wa kusini mwa New South Wales alikuwa karibu na soko la Melbourne kuliko la Sydney, lakini akitaka kuuza Melbourne lazima apite kwa bwana forodha. Watu wa lugha moja, malkia mmoja, wengine ndugu wa damu, wanapekuliana mizigo!

Reli nazo zilikuwa kichekesho. New South Wales ilijenga reli yenye upana wa milimita 1,435, Victoria milimita 1,600, na Queensland milimita 1,067. Njia za kutoka Sydney na Melbourne zilikutana katika mji wa Albury mwaka 1883, lakini treni ya upande mmoja haikuweza kuendelea upande wa pili. Abiria alishuka na mabegi yake, akahamia treni nyingine, safari ikaendelea. Mwandishi Mmarekani Mark Twain alipita hapo mwaka 1895 na alishangaa kiasi cha kuliandika jambo hilo kwenye kitabu chake cha safari. Ila tusiwacheke sana. Hapa kwetu Tanzania reli ya kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, TAZARA ina 1,067 na hii SGR ina 1,435. Nchi moja, vipimo vitatu, ndiyo maana pale Kidatu mzigo huhamishwa kutoka behewa hadi behewa.

MJERUMANI NA MZEE PARKES

Fikra za kuungana zilikuwepo tangu katikati ya karne, lakini zilikuwa za wanasiasa wachache. Kilichowashtua wengi ni Mjerumani. Mwaka 1883 koloni la Queensland lilijaribu kuitwaa New Guinea kwa niaba ya Mwingereza, London ikakataa. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani akapandisha bendera yake kaskazini mashariki mwa kisiwa hicho. Hapa msomaji wa Tanzania asimame kidogo. Mwishoni mwa mwaka huohuo Carl Peters alikuwa Usagara na Uzigua, anawasainisha watawala wetu mikataba. Mjerumani aliyetuingilia sisi ndiye aliyewatia Waaustralia hofu ya kuwa makoloni sita yaliyotawanyika hayawezi kujilinda.

Mwaka 1889 jenerali mmoja wa Kiingereza, Bevan Edwards, alikagua vikosi vya makoloni na kushauri viunganishwe. Swali likawa dogo lakini zito: jeshi la pamoja litaamriwa na nani, kama hakuna serikali ya pamoja?

Swali hilo alilidaka Henry Parkes, Waziri Mkuu wa New South Wales. Mzee huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1815 katika familia ya kimaskini, akahamia Australia mwaka 1839, akawa fundi wa kuchonga pembe, kisha akaanzisha gazeti ambalo lilimfilisi. (Ndugu zangu waandishi, mnasikia?) Tarehe 24 Oktoba 1889, akiwa njiani kurudi Sydney kutoka Brisbane, alisimama katika mji mdogo wa Tenterfield karibu na mpaka wa Queensland akatoa hotuba. Hoja yake ilikuwa kwamba yale Wamarekani waliyoyapata kwa vita, Waaustralia wanaweza kuyapata kwa amani, na kwamba wakati umefika wa kuwa na bunge moja na serikali moja kwa mambo ya pamoja.

Februari 1890 viongozi wa makoloni wakakutana Melbourne. Kwenye karamu, James Service, aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Victoria, akawaambia wenzake ukweli ambao wengine waliuzunguka. Alisema ushuru wa forodha ndiye simba aliyelala njiani, na wao ama wamuue au wauawe naye. Nimelipenda hilo la simba, kwa sababu miaka kumi iliyofuata ilikuwa kazi ya kumzungukia yeye tu.

Mwaka 1891 mkutano mkubwa wa wajumbe wa mabunge ulifanyika Sydney, hata New Zealand ilituma wajumbe. Rasimu ya katiba ikaandikwa, mwandishi mkuu akiwa Samuel Griffith wa Queensland, ambaye siku za Pasaka aliinoa pamoja na wenzake wakiwa ndani ya meli ya serikali iitwayo Lucinda. Ilikuwa rasimu nzuri. Ikapelekwa kwenye mabunge ya makoloni, na huko ikafia. Kila bunge lilikuwa na shughuli zake, uchumi ukaanguka, mwaka 1893 mabenki yakafunga milango. Nani angejali shirikisho wakati akiba yake haijulikani iliko?

COROWA

Sasa tunafika mahali ambapo mimi naona ndipo mambo yalipogeuka, na hapakuwa jiji wala ikulu. Corowa ni mji mdogo ulio kando ya mto Murray, upande wa New South Wales. Watu wake waliishi na bughudha ya forodha kila siku. Mwisho wa Julai 1893 wananchi wa pande mbili za mto, wafanyabiashara, wakulima na wanachama wa vyama vya kudai shirikisho, waliitisha mkutano wao. Hotuba zilikuwa nyingi na nzuri, kama kawaida ya mikutano, na ulikuwa unaelekea kuisha kwa maazimio matamu yasiyo na meno.

Ndipo akasimama John Quick, wakili kutoka Bendigo. Bwana huyu aliacha shule akiwa mtoto akafanya kazi za mikono, akawa mwandishi wa habari, kisha akasomea sheria. Pendekezo lake lilikuwa la kiufundi, hata la kuchosha kulisikiliza: kila koloni litunge sheria, wananchi wenyewe wawachague wajumbe wa kuandika katiba, na katiba hiyo irudi kwa wananchi waipigie kura ya ndiyo au hapana. Basi. Lakini fikirini lilivyobadilisha mambo. Kabla ya hapo rasimu ilikuwa mali ya mabunge, na mabunge yanaweza kuiacha mezani ikaota vumbi. Sasa ingekuwa na tarehe, na ingekuwa na mwenyewe.

Mwaka 1895 mawaziri wakuu walikutana Hobart wakaukubali mpango huo. Mwaka 1897 wananchi wa makoloni manne wakachagua wajumbe kumi kila koloni. Western Australia iliteua wajumbe wake kupitia bunge, Queensland haikushiriki. South Australia wanawake walikuwa tayari na haki ya kupiga kura, na mwanamke mmoja, Catherine Helen Spence, aligombea ujumbe, ingawa hakushinda. Wajumbe walikutana Adelaide, kisha Sydney, kisha Melbourne, wakamaliza Machi 1898. Mzee Parkes hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1896.

HOFU ZA WADOGO, HOFU ZA WAKUBWA

Walichokuwa wanabishania wajumbe wale, ukikivua maneno ya kisheria, ni hofu tu. Kila koloni lilikuwa na hofu yake.

Wadogo waliogopa kumezwa. Sensa ya 1901 ilionyesha Tasmania ina watu takriban 172,000, na New South Wales takriban milioni 1.35. Bungeni wakihesabiana vichwa, Tasmania itasema nini na nani amsikie? Wakubwa nao waliogopa kutawaliwa na wachache. Jibu wakaazima Marekani: bunge lenye vyumba viwili. Baraza la Wawakilishi viti kwa idadi ya watu, na Seneti viti sawa kwa kila jimbo, sita sita mwanzoni, bila kujali ukubwa. Lakini Seneti ikazuiwa isibadilishe miswada ya kodi na matumizi ya kawaida ya serikali; ingeweza kuiomba nyumba ya pili ibadilishe, au kuikataa. Yakishindikana kabisa, vyumba vyote viwili vinavunjwa na wananchi wanaamua.

Hofu ya pili ilikuwa mamlaka. Hapo walifanya jambo la busara: waliorodhesha mambo ya serikali ya shirikisho, kama ulinzi, posta, sarafu, uhamiaji na biashara na nchi za nje, na yaliyobaki yakabaki kwa majimbo. Shule, polisi, ardhi, hospitali, hayo jimbo halikuporwa. Hakimu wa ugomvi akawa Mahakama Kuu, iliyoanza mwaka 1903, na Jaji Mkuu wa kwanza akawa yuleyule Griffith wa rasimu ya 1891.

Hofu ya tatu ni simba mwenyewe. Makoloni yaliishi kwa ushuru wa forodha. Ndiyo iliyolipa mishahara na madeni ya reli. Ukisema forodha zote za ndani zifutwe na ushuru wa nje ukusanywe na serikali ya shirikisho, umemwambia kila mmoja aingie kwenye ndoa akiwa mfuko mtupu. Edward Braddon, Waziri Mkuu wa Tasmania, akaleta kifungu: katika kila pauni nne za ushuru zitakazokusanywa, shirikisho lichukue si zaidi ya moja, tatu zirudi kwa majimbo. Wapinzani walikiita doa la Braddon. Doa au si doa, bila kifungu kile wadogo wasingeingia.

"HAPANA" ILIYOSIKILIZWA

Juni 1898 wananchi wakapiga kura. Victoria, South Australia na Tasmania walisema ndiyo. New South Wales, koloni mama, ndiyo zilikuwa 71,595 na hapana 66,228. Umeshinda? Hapana. Bunge lake lilikuwa limeweka sharti kwamba kura za ndiyo zisipungue 80,000. Waziri Mkuu George Reid mwenyewe alikuwa amehutubia Sydney akiichambua rasimu kasoro moja baada ya nyingine, kisha akamaliza kwa kusema yeye ataipigia kura ya ndiyo! Magazeti yakambandika jina la "Ndiyo-Hapana".

Wasomaji wangu, kuna nchi ambako mambo yangeishia hapo kwa kulaumiana, au viongozi wangetangaza kwamba wananchi hawajaelewa, wapewe elimu. Wao walifanya tofauti. Januari 1899 mawaziri wakuu wote sita walikutana Melbourne wakaisoma ile "hapana" kama orodha ya madai. New South Wales inalalamika kuhusu doa la Braddon? Liwekewe ukomo wa miaka kumi, baada ya hapo bunge liamue. Inaogopa makao makuu yatakwenda Melbourne? Haya, makao makuu yatajengwa ndani ya New South Wales. Na Melbourne isinune: yawe si chini ya maili 100 kutoka Sydney, na bunge likae Melbourne mpaka mji mpya uwe tayari. Ndivyo ulivyozaliwa mji wa Canberra, ambao bunge lilihamia mwaka 1927. Watu huucheka kwamba ni mji uliojengwa kwa sababu miji miwili ilioneana wivu. Ni kweli. Lakini wivu ukiandikwa kwenye katiba unakuwa umetulia.

Juni 1899 New South Wales wakapiga kura tena: ndiyo 107,420, hapana 82,741. Makoloni matatu yale nayo yakarudia ndiyo yao. Septemba Queensland ikaingia, kwa tofauti isiyofika kura 8,000. Ikabaki Western Australia, mbali kule magharibi, jangwa likiwatenga na wengine. Kule wachimba dhahabu, wengi wakiwa wahamiaji kutoka makoloni ya mashariki, walitaka shirikisho kiasi cha kumwomba Malkia awatenge wawe koloni lao. Waziri Mkuu John Forrest akapewa nafasi ya kupunguza ushuru wake polepole kwa miaka mitano. Tarehe 31 Julai 1900 wakapiga kura: ndiyo 44,800, hapana 19,691. Walichelewa hivi kwamba sheria ilikwishapita Bunge la Uingereza, na hadi leo jina la Western Australia halimo kwenye utangulizi wa katiba ile.

Tarehe 1 Januari 1901, kwenye bustani ya Centennial Park mjini Sydney, shirikisho likatangazwa, Edmund Barton akawa Waziri Mkuu wa kwanza. Oktoba mwaka huo ushuru mmoja wa nje ukaanza, na vituo vya forodha vya mto Murray vikapoteza kazi. Simba akalazwa. Reli za Sydney na Melbourne, kwa taarifa yenu, zilisubiri hadi 1962 kuwa na upana mmoja. Kumbe forodha ya miaka mingi ilifutwa kwa kalamu, ila reli ikahitaji nyundo.

WASIOKUWEPO MEZANI

Nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya. Kwa sababu swali la nani aliandika hofu yake kwenye katiba lina upande wa pili: nani hakuulizwa?

Wenyeji wa asili wa bara lile, walioishi humo makumi ya maelfu ya miaka, hawakuwa na mjumbe hata mmoja. Kifungu cha 127 cha katiba kilisema wasihesabiwe katika kupata idadi ya watu wa nchi. Mwaka huohuo 1901 bunge jipya lilipitisha sheria ya kuzuia wahamiaji wasio weupe, kwa hila ya mtihani wa imla wa maneno hamsini kwa lugha yoyote ya Ulaya ambayo ofisa angeichagua. Ukijua Kiingereza, anaweza kukusomea lugha nyingine. Sheria nyingine ikaamuru kufukuzwa kwa wafanyakazi wa mashamba ya miwa waliotoka visiwa vya Pasifiki. Na mwaka 1902, sheria iliyowapa wanawake wa nchi nzima kura ndiyo hiyohiyo iliyowanyima wenyeji wa Australia, Asia, Afrika na visiwa vya Pasifiki, isipokuwa New Zealand. Ndiyo, na Afrika imetajwa kwa jina.

Kifungu cha 127 kilifutwa kwa kura ya maoni ya mwaka 1967, zaidi ya asilimia 90 wakiunga mkono. Lakini mwaka 2023, pendekezo la kuwapa wenyeji chombo cha kulishauri bunge lilipopelekwa kwa wananchi, lilikataliwa. Katiba ile ni ngumu kubadilisha: inahitaji wingi wa kura za nchi nzima na pia wingi katika majimbo yasiyopungua manne. Katika mapendekezo 45 yaliyopigiwa kura, yamepita 8 tu. Kilichoandikwa siku ya kuungana hukaa muda mrefu. Aliyekuwa mezani hulindwa na ugumu huo. Asiyekuwepo, ugumu huohuo humfungia nje.

Hata waliokuwepo hawakuridhika wote. Mwaka 1933 wananchi wa Western Australia walipiga kura ya kujitoa, 138,653 dhidi ya 70,706. London ikakataa kuushughulikia ombi lao bila ridhaa ya shirikisho. Mwaka huohuo serikali ya shirikisho ikaunda tume ya kugawa ruzuku kwa majimbo yenye hali ngumu, na hamu ya kuondoka ikapungua taratibu. Tena fedha, mnaona?

NA SISI JE?

Kinachoniumiza ni hiki. Ukilinganisha Australia ya 1890 na Afrika Mashariki ya miaka ya mwanzo ya 1960, sisi ndio tuliokuwa karibu zaidi na kuungana. Tulikuwa na shilingi moja ya Afrika Mashariki. Tulikuwa na shirika moja la reli, posta moja na umoja wa forodha ulioanza kati ya Kenya na Uganda mwaka 1917, Tanganyika ikajiunga baadaye. Mwaka 1960 Mwalimu Nyerere alisema yuko tayari uhuru wa Tanganyika ucheleweshwe ikiwa hiyo itasaidia shirikisho. Tarehe 5 Juni 1963 Kenyatta, Nyerere na Obote walitia saini Nairobi tamko la kuunda shirikisho mwaka huohuo. Mwaka ukaisha bila shirikisho. Uganda ilikuwa na wasiwasi wake, Kenya nayo hesabu zake. Jumuiya ya 1967 ikavunjika 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983.

Waaustralia walikuwa na reli zisizopatana na forodha mtoni, wakaungana. Sisi tulikuwa na behewa moja tukatengana. Kwa hiyo reli na sarafu peke yake haviungi watu. Naona tofauti iko kwenye hofu. Zetu zilibaki vyumbani mwa wakubwa. Zao zilibishaniwa hadharani, zikapigiwa kura, zikaandikwa kwa namba: viti sita, robo tatu, miaka kumi, maili 100.

Jumuiya ya sasa ina nchi nane, na mkataba wake wa 1999 unataja shirikisho la kisiasa kama lengo la mwisho. Mwaka 2007 kamati ya Profesa Samuel Wangwe ilizunguka Tanzania kuuliza wananchi, na wengi walikataa shirikisho liharakishwe. Ardhi ilitajwa sana, ajira pia. Wapo waliowaona Watanzania waoga. Mimi, baada ya kusoma habari za 1898, sidhani ulikuwa woga tu. Ilikuwa "hapana" ya New South Wales. Ndani yake mlikuwa na madai, na mahali pa madai ni kwenye rasimu: ardhi ibaki ya nani, ajira zigawanywe vipi, Burundi ipate viti vingapi mbele ya Kongo, anayepoteza ushuru afidiwe kwa miaka mingapi. Mwaka 2017 wakuu wa nchi waliamua tuanze na konfederesheni, yaani muungano mwepesi zaidi. Si vibaya. Ila hata huo mwepesi utahitaji namba.

Na wakati wa kuziandika, tuhesabu waliopo mezani. Mawaziri watakuwepo, wanasheria watakuwepo, wenye viwanda hawatakosa. Mimi namfikiria mama yule wa vitenge. Alishuka kituo kimoja kabla yangu, begi kichwani, akaniachia karanga zilizobaki. Hofu yake haihitaji profesa kuielewa: avuke na zawadi za harusi bila kuaibishwa mbele ya basi zima. Nani ataiandika hiyo?

Mniambie maoni yenu, hasa ninyi mnaoishi mipakani. Na kama kuna msomaji aliyeko Australia, nisahihishe pale nilipoteleza.

Wiki njema.